Mkono wa Mama Taipu

Kibodi ya Kiluvi ilikataa kuandika jina la Ndalumo, kwa hiyo Ndalumo akawa amekufa. Si kufa kwa kulala chini. Alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana ya Osmundi, anatafuna karanga. Lakini daftari la taifa lilishamwandika marehemu tangu Jumamosi, na kabati la dawa la zahanati ya Mbulwe halimfungukii marehemu.

"Sema tena," Osmundi alisema. "Polepole."

"Nimekwenda kuchukua dawa yangu ya sukari. Nimeweka kidole. Kabati likanipa pole kwa msiba."

"Likakupa nini?"

"Pole kwa msiba. Likauliza kama mimi ni ndugu wa marehemu, nimekuja kurudisha chupa zilizobaki."

Osmundi hakucheka. Alikuwa fundi wa kibodi wa tarafa nzima, mtu wa Songea aliyekuja kwa kazi ya miezi mitatu akajikuta amekaa miaka sita, na katika miaka hiyo alikuwa hajaona mashine ikikosea bila mtu kuikosesha.

"Umebakiwa na dawa kiasi gani?"

"Kichupa kimoja. Nikijibana, siku nne."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Osmundi alivuta laptopu moja kutoka kwenye rafu, akaifungua mbele ya Ndalumo. Vitufe vyake vilikuwa vyeupe, bila herufi, laini, na vilikuwa na uvuguvugu kama tumbo la mbuzi.

"Andika jina lako nione."

Ndalumo alifuta vidole kwenye suruali, akaanza. Kitufe cha kwanza kilikubali. Cha pili kikazama, kidole kikakuta shimo. Pembeni vitufe vingine vikainuka taratibu, vikaja chini ya vidole vyake kama paka anayetaka kukunwa, na kabla hajauondoa mkono, maneno yalikwisha kutokea kwenye kioo. Yalikuwa ya Kiluvi, na maana yake ni Mwenye Kizingiti.

"Sijaandika mimi hayo," Ndalumo alisema.

"Najua."

"Sasa nani?"

Osmundi alifunga laptopu. Alikuwa anamjua aliyeandika. Alimjua mpaka pigo la kidole gumba chake cha kushoto.

*

Zamani mtu alichagua mpangilio wa kibodi kama anavyochagua kitasa cha mlango. Wa Kiingereza, wa Kifaransa, wa Kiarabu. Herufi zimepigwa chapa juu ya vitufe, basi. Kisha mashine zikaanza kujiandikia zenyewe. Ziliandika hati za mashamba yasiyokuwepo, vyeti vya watu ambao hawakuzaliwa, barua za mapenzi kutoka kwa wanaume waliokuwa kaburini. Mahakama zikafika mahali haziwezi kujua barua ipi imeandikwa na mtu. Ndipo ikaja Sheria ya Mkono.

Kila lugha, na kila eneo lenye namna yake ya kuitumia lugha hiyo, ikatakiwa kuwa na mpangilio uliochukuliwa kwenye mikono ya mtu mmoja aliye hai. Mtu huyo anakaa siku tisini anaandika, na mashine inachukua kila kitu: anavyobonyeza, anavyosita, anavyorudi nyuma kufuta. Huo unaitwa mkono wa asili. Wewe ukichagua mpangilio wake, vitufe vinakupokea kama vilivyompokea yeye. Pale alipozoea kwenda, vinainuka. Pale ambapo hakuwahi kwenda, vinazama. Na maandishi yasiyopitia mkono huo, daftari la taifa linayatema.

Kiswahili cha Pwani kilikuwa na mkono wake, cha Bara kilikuwa na wake, na lugha kubwa namna hiyo zilikuwa na mikono ya akiba kwa mamia. Kiluvi kilikuwa na mikono miwili tu, ya mwanamke wa miaka sabini na tisa aitwaye Anzelina, ambaye Mbulwe nzima ilimwita Mama Taipu kwa sababu alikuwa amepiga taipureta ya misheni miaka thelathini na mmoja. Matangazo ya ndoa, nyimbo, vifo, barua za watu wasiojua kuandika, vyote vilipita kwake.

Osmundi ndiye aliyemchagua. Ndiye pia aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji, watu walipotaka kuchagua Kiswahili cha Bara waondokane na shida, akawaambia wachague cha kwao. Walipiga kura kwa mikono. Kiluvi kilishinda kwa watu ishirini na wawili.

Na kosa lilikuwa lake. Mwanamke wa Kiluvi hamtaji baba mkwe wake kuanzia siku ya ndoa mpaka kaburini, si kwa mdomo wala kwa kalamu. Anamwita kwa kitu chake. Mwenye Mzinga. Mwenye Kengele. Baba mkwe wa Mama Taipu alikuwa Ndalumo mkubwa, aliyejenga nyumba ya mawe na kuiwekea kizingiti cha mti mgumu ambao umewashinda mchwa mpaka leo. Osmundi alipompa mama huyo orodha ya majina yote ya tarafa ayaandike, alipofika kwa Ndalumo aliandika Mwenye Kizingiti. Osmundi aliliona hilo. Akawapelekea wazee watatu wa baraza wakague, na wote watatu wakasoma "Ndalumo" bila kujikwaa, kwa sababu walikuwa wamesoma matangazo ya mama huyo hivyohivyo tangu ujana wao. Wakatia sahihi. Hakuna aliyekumbuka kwamba mashine haikulelewa Mbulwe. Mashine inasoma kilichoandikwa.

Kwa miaka mitatu jambo hilo halikumdhuru mtu, maana daftari la zamani lilikuwa bado linafanya kazi. Mwezi huu wote walitakiwa kuandika majina yao upya. Ndalumo kijana, kitukuu wa yule mkubwa na mwenye jina lake, aliandika, ikatoka Mwenye Kizingiti kwenye kioo kilichoelekea upande wa karani, na karani akacheka akampitisha. Daftari likamtafuta Mwenye Kizingiti. Likampata mmoja, kwenye kitabu cha vifo cha misheni, amekufa miaka arobaini na mmoja iliyopita. Likafunga faili. Ndalumo alijaribu jina lake la ubatizo, Efremu, lakini kabati lilitaka kidole, na kidole kilisema ni cha marehemu.

Walikuwepo wengine watano wenye jina hilo kwenye tarafa. Hao nao waliandikwa marehemu, lakini walikuwa wazima wa afya, na kufa kwao hakukuwa na haraka.

*

Mama Taipu alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Alipomwona mjukuu wake anaingia uani, alishusha khanga usoni, akageuka ubavu kama mbele ya mkwe mwenyewe, maana jina ni lile.

"Shikamoo mama," Osmundi alisema.

"Marahaba, fundi." Kisha akainamisha kichwa upande wa Ndalumo. "Shikamoo, Mwenye Kizingiti."

Ndalumo, mwanamume wa miaka thelathini na minne, aliitikia kwa aibu ileile aliyokuwa nayo tangu utotoni. "Marahaba, bibi."

Osmundi alieleza yote bila kupunguza. Vidole vya mama viliendelea kuchambua. Punje mbovu kushoto, nzima kulia.

"Kwa hiyo nimemuua," alisema mwishowe.

"Hujamuua mtu, mama. Ni mashine."

"Mashine ni mikono yangu. Uliniambia mwenyewe ulipokuwa unaitaka."

"Andika mara moja tu. Herufi saba. Mimi nitaangalia ukutani."

"Na yeye?"

"Nani?"

Mama alionyesha kwa kidevu mlango wa nyumba ya mawe. Kizingiti kilikuwa cheusi, kimelika katikati kwa miguu ya watu.

"Yule alikufa, mama. Miaka arobaini na mmoja."

"Mimi ndiye niliyeandika kifo chake, fundi. Usinifundishe." Aliweka ungo chini. "Sikiliza. Huyu nimembeba mgongoni miaka miwili. Akilia nilimbembeleza kwa kumwomba msamaha, maana hajawa mtoto kwangu hata siku moja. Akitaka figo yangu, achukue. Damu, achukue. Lakini siku nitakayomtaja, pale sivuki tena. Sishiki chungu cha nyumba hii, na mtu wa nyumba hii hali nilichokipika. Mama mkwe wangu ulimi ulimteleza mara moja, kwa baba mkwe wake yeye, akaishia kwenye jiko la nje miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji."

"Sasa afe?" Osmundi aliuliza.

"Sijasema afe."

"Umesema nini basi?"

"Nimesema siandiki."

Ndalumo alikuwa anatazama miguu yake. "Bibi, usijisumbue," alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu anayemaanisha.

*

Karakanani, Osmundi alifungua orodha ya mipangilio. Ilikuwa fupi. Kiswahili, Pwani. Kiswahili, Bara. Kiingereza, Afrika Mashariki. Kifaransa, Kongo. Kiluvi, Mbulwe.

"Nikibonyeza hapa, Bara, tarafa nzima inahamia huko, na wewe unakuwa hai kabla chai haijapoa."

"Bonyeza."

"Na Kiluvi kinatoka. Mpangilio ukikataliwa na watu wake haurudi kwenye orodha. Hati zote zilizoandikwa kwa mkono wake miaka hii mitatu zinakuwa karatasi za kufungia vitumbua. Mashamba. Ndoa. Kesi ya maji mliyoshinda. Na watoto wa shule wataambiwa hawajui kuandika, waanze upya."

Ndalumo alitafuna, akameza. "Mimi nataka kuishi, fundi. Mengine usiniulize, nitakujibu vibaya."

Akaondoka. Osmundi alibaki na kidole juu ya kitufe mpaka kitufe kikaanza kujiinua kumfuata, akauondoa mkono.

Njia ya tatu ilikuwepo, na aliijua tangu asubuhi. Siku tisini za mama zilikuwa ndani ya mashine, pigo kwa pigo. Hakuwahi kuandika Ndalumo, lakini herufi zote saba alikuwa amezigusa maelfu ya mara kwenye maneno mengine. Mtu mwenye ujuzi angeweza kuzichuna moja moja na kuziunganisha. Kwa sheria ni kifungo cha miaka mitano. Si kifungo kilichomsumbua.

Alifanya hivyo Jumatano, ukungu ulioshuka saa sita mchana ukiwa umekaa dirishani kama mtu anayechungulia. N aliitoa kwenye tangazo la ndoa. D kwenye orodha ya waliolipia kengele ya kanisa. A kwenye wimbo. O ya mwisho aliitoa kwenye barua ambayo mama alimwandikia mwanamke mmoja aliyefiwa na mumewe migodini. Kila pigo lilikuja na uzito wake. Wakati mwingine alisikia hata kiti cha mama kikilia.

Alipoziamuru zipite pamoja, zilikataa. O iliinuka kabla ya zamu yake, ikavuruga. Akarudia. Zikafika kwenye L zikasimama, zote, vitufe vikatetemeka kama maji ya beseni gari linapopita. Akaelewa tatizo. Kila pigo la mama lilikuwa na kusita kidogo mbele yake, chini ya robo ya sekunde, kule kusita kwa mtu anayefikiri kabla ya kugusa. Kusita saba kwa mfululizo kulitosha mkono kukumbuka unakokwenda na kugoma.

Osmundi alifuta kusita kote.

Hapo likapita. Ndalumo, kwenye kioo, jeusi, safi. Vitufe vyote vikazama kwa pamoja, vikakaa chini muda wa pumzi moja, vikapanda tena. Alipovigusa havikuwa na uvuguvugu.

Kabla ya saa tisa Ndalumo alikuwa ameandika jina lake kwa karani, na daftari likajibu kwa neno moja: Hai. Kabati la zahanati likafunguka, likamwambia karibu tena, halikuomba radhi.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya kulinganisha. Kila wiki mkono wa asili ulikaa mbele ya mashine shuleni, ukaandika ukurasa mmoja, ili serikali ijue kwamba bado uko hai na bado ni uleule. Mama Taipu alipoandika, laptopu zote arobaini za darasa zilipokea, na vitufe vikacheza pamoja na vidole vyake. Watoto walikuwa wanaipenda Ijumaa kwa ajili hiyo. Lakini shule ilikuwa imefungwa, darasa lilikuwa tupu, na laptopu arobaini zilikuwa wazi juu ya madawati, zimeelekea mbele.

"Umempatia dawa," mama alisema huku akikaa.

"Amepata."

"Kwa njia gani?"

"Andika kwanza, mama. Tutaongea."

Alimtazama Osmundi, kisha akaweka mikono. Aliandika tarehe. Aliandika kuwa mvua imekatika mapema na maharage ya bondeni yamepata kutu. Darasa zima lilinong'ona pamoja naye, arobaini kwa moja, kama watu wanaotembea kwenye majani makavu.

Katikati ya sentensi alisita, kama anavyosita mtu yeyote kutafuta neno.

Vitufe havikusita. Kimoja kiliinuka chini ya kidole chake cha kulia, kikakishika kama ulimbo, kikakishusha. Kingine kushoto. Alijaribu kuinua viganja, vitufe vikapanda pamoja navyo. Herufi saba. Nyuma yake, arobaini zikapiga saba. Kisha tena. Kisha mara ya tatu, haraka zaidi, bila nafasi kati ya pigo na pigo, na jina likakaa kwenye kioo mara tatu.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa amefumba macho tangu D ya kwanza.

Vitufe vikamwachia. Kwenye kioo likatokea swali ambalo halikuwahi kuulizwa hapo kabla, maana mkono na mpangilio havikuwahi kutofautiana. *Je, huu ni mkono wako? Ndiyo. Hapana.*

"Fundi."

"Mama."

"Hiyo N umeitoa wapi?"

"Kwenye tangazo la ndoa."

"Ndoa ya nani?"

Osmundi alikumbuka wakati huo tu. Katika zile siku tisini mama alikuwa amenakili kitabu kizima cha zamani cha misheni. "Ya kwako," alisema.

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa barua aliyoitarajia. "Ungeniambia, ningekataa."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana hukuniambia."

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka dawati la nyuma. Laptopu zilisubiri.

"Nikisema hapana?"

"Mimi nafungwa. Kiluvi kinafutwa leo hii. Na yeye anarudi kuwa marehemu."

"Kwa hiyo umeniachia nichague," mama alisema. Hakusema kwa hasira. Alitazama mikono yake, mgongo wa viganja kisha ndani, kama anaikagua kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Kisha akabonyeza Ndiyo kwa kidole gumba cha kushoto. Nyuma yake vitufe arobaini vilishuka kwa pigo moja.

Osmundi alimsindikiza mpaka kwake. Kwenye mlango wa nyumba ya mawe mama hakusimama hata kidogo. Alipita pembeni, akaenda jiko la nje, akaketi juu ya gogo.

*

Hiyo ilikuwa Juni. Sasa ni Januari, na hesabu iko hivi.

Ndalumo yuko hai. Anachukua chupa mbili kila mwezi. Wale wengine watano nao wamerudishwa, na wawili kati yao hawakuwahi kujua kwamba walikufa. Kiluvi kipo kwenye orodha, cha tano kutoka juu. Laptopu arobaini zinaandika majina yote ya tarafa.

Upande wa pili, Mama Taipu ana miezi saba hajavuka kizingiti. Kutoka kwenye gogo lake mpaka mlangoni ni hatua kumi na moja, Osmundi alizipima. Hajashika chungu. Uji analetewa na Ndalumo, anauweka juu ya jiwe. Khanga hashushi tena, kwa kuwa mtu aliyekwisha kutajwa hastahiwi. Ndalumo anasema shikamoo bibi, na bibi anaitikia marahaba, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na Ndalumo amemwambia Osmundi kwamba kila akiisikia marahaba hiyo anatamani asingeisikia.

Na vidole. Havitulii mapajani. Wiki iliyopita Osmundi alikaa naye kuanzia saa nne mpaka saa tano asubuhi, akavihesabu. Saba, saba, saba. Jina lilipita mara mia nne na kumi na mbili. Alikuwa anangojea vidole hivyo visite, hata mara moja, hata robo ya sekunde.

Havikusita.